Wiki ya Kuzima Uso

Bosi alianza na makofi.

Alikuwa ameketi katikati ya zulia la bluu, miguu ameitanua kama fundi aliyemaliza kazi, akanitazama mimi niliyekuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Mara nyingi viganja vyake vilipishana hewani, lakini safari hii vilikutana vizuri na mlio ukatoka. Akasubiri. Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Yeye akipiga makofi, mimi hufungua mdomo na kutoa macho kwa mshangao, kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupiga makofi kabla yake. Mchezo huo tulikuwa nao tangu alipojua kukaa bila kushikwa.

Sikufungua mdomo. Nilitazama nafasi iliyo kati ya nyusi zake, kama nilivyoelekezwa, nikayaacha mashavu yangu yalegee.

Nyuma yake, kwenye ukingo wa zulia, alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa sweta langu la kijivu.

Kwenye faili Bosi alikuwa na jina la kike alilopewa na ofisi, lakini hakuna aliyelitumia. Aliletwa katika nyumba yetu ya watoto akiwa amefungwa taulo, kitovu bado hakijakauka, na siku ile ya kwanza alilala amekunja uso, mikono juu ya tumbo, kama mkuu wa idara anayesikiliza malalamiko ya wafanyakazi.

"Huyu katukuta tumechelewa kazini," alisema Mama Sabuni, aliyekuwa akifua nguo za nyumba nzima. "Shikamoo, bosi."

Jina likabaki.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo majuzi tu. Nilisomea malezi na saikolojia ya watoto, na kila mtu aliponiuliza somo hilo linamfaa nani, nilishindwa kumjibu, kwa sababu nikiulizwa jambo mbele za watu ulimi wangu hulala. Watoto wachanga hawaulizi. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu ya kuichagua kazi hii. Nusu nyingine sikuwahi kumwambia mtu. Siku moja darasani mwalimu alituonyesha picha za kima mchanga aliyetengenezewa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine aliyevikwa kitambaa, asiye na chochote cha kutoa. Kima alikwenda kwa yule wa waya, akanyonya, kisha akarudi mbio kwa yule wa kitambaa akamkumbatia. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, halafu nikasingizia vumbi la chaki ili nifute macho.

Aliyeisimamia nyumba yetu tulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtaalamu wa saikolojia, mwanamke mrefu ambaye miwani yake ilikaa kichwani zaidi ya machoni. Kabla hajaja, mtoto aliinuliwa na mkono wowote uliokuwa na nafasi. Yeye aliubadili utaratibu huo. Kila mtoto mchanga alipewa mtu wake: huyo ndiye wa kumlisha, wa kumwogesha, na ndiye uso wa kwanza anaouona akiamka.

"Mtoto mchanga hapendi watu," alituambia kwenye kikao. "Anampenda mtu. Akishajua kumshika mmoja, atajua kushika na wengine. Ni kama baiskeli, unajifunzia moja tu."

"Na hiyo baiskeli ikichukuliwa?" aliuliza Mama Sabuni.

"Atapanda nyingine. Miguu itakuwa inajua tayari."

Nilipewa Bosi. Alipokuwa akinyonya chupa alishika ncha ya sikio langu la kushoto na kuisugua kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima ubora wa kitambaa dukani. Mkono wa sweta langu la kijivu aliutafuna hadi sufi ikafumuka. Alipoanza kutambaa alikuwa akienda hadi mlangoni, anasimama, anageuza shingo kuhakikisha nipo, ndipo anaendelea. Vitabuni jambo hilo lina jina lake na michoro yake. Mimi nilichokiona ni ile shingo tu, yenye mikunjo miwili, ikigeuka.

Nilimfundisha kupunga mkono wa kwaheri. Alijua upesi, ila aligeuza kiganja kuelekea kwake mwenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akiuona mkono wangu: kiganja kinamtazama. Kwa hiyo kila alipoaga, alikuwa akijiaga yeye.

"Mrekebishe mwanao," alisema Mama Sabuni. "Atafika ukubwani anajipungia kwenye kioo."

"Atajirekebisha," nilisema. Sikutaka aharakishe.

Nilikuwa nimesikia lile neno, mwanao. Nililiacha lipite.

Wakapatikana wazazi. Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, mume dereva wa lori, watu wapole waliosubiri muda mrefu, na ofisi ilikuwa imewapitisha. Habari hiyo nilipewa koridoni, nikiwa nimebeba beseni la maji ya moto, nikasema "Asante" kana kwamba nimekaribishwa chai. Nilikuwa najua tangu mwanzo. Nyumba yetu haikuwa mahali pa kukaa, ilikuwa mahali pa kupitia. Kujua kulinisaidia kubeba lile beseni hadi lilipotakiwa kufika.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo nyumba nzima ililiogopa. Kabla ya Bosi, mtoto mmoja wa kiume alikuwa amerudishwa. Alitolewa mikononi mwa mlezi wake pale getini, akaingizwa garini, basi. Huko alikokwenda alilia hadi sauti ikakauka, akakataa kila kijiko, akakataa kila mkono, na wale wazazi, ambao hawakuwa watu wabaya, wakamrudisha na begi lake, nguo bado zimekunjwa. Aliporudi hakumlilia hata mlezi wake wa zamani. Ungeweza kumwinua, ungeweza kumweka chini. Hakumkataa mtu na hakumtaka mtu. Daktari aliketi kando ya kitanda chake jioni baada ya jioni, miwani kichwani, akimnyooshea kidole ili akishike. Hakukishika.

Kwa sababu ya mtoto huyo, Daktari alibuni mpango wake. Sijawahi kuukuta katika kitabu chochote.

"Safari hii hakuna kunyang'anyana getini," aliniambia ofisini. "Yule mama atakuja hapa wiki nzima. Atavaa nguo uliyoivaa, bila kuifua. Ataoga sabuni yetu. Na wewe utakuwapo, ila utazima. Taratibu. Kwanza usicheke. Halafu usijibu. Halafu usimwinue. Akikutazama asione kitu. Mwenye uso chumbani atakuwa mama yake."

Sijui nilipata wapi sauti. "Daktari, chuoni tulionyeshwa filamu. Ya mama anayegandisha uso mbele ya mtoto. Ilikuwa ya kuonyesha mtoto anavyoumia."

"Naijua. Nimeifundisha miaka mingi." Akaishusha miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Kila kitu ni dozi, binti yangu. Akiumia kidogo huku yupo mtu wa kumgeukia, atamgeukia. Bosi akirudishwa kama yule mwenzake, mimi sitajua la kumfanya. Wewe unajua?"



Nilianza mazoezi kwenye kioo cha chumba cha kufulia. Kumbe uso una kazi nyingi ambazo mtu hajui kwamba anazifanya. Ukiukataza mdomo, nyusi zinasema. Ukizikataza nyusi, macho yanasema. Mama Sabuni alinikuta nimesimama hapo.

"Umekosana na nani?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Unataka kazi ya ulinzi?"

Nilipotaka kucheka nikaona sikucheka, nikajua kwamba nimeanza kuweza.

Mshonaji alikuja asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa na mabega mapana na ncha za vidole zilizotobolewa na sindano, na alikaa kwenye zulia kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa kwamba rangi haijakauka. Nilimpa sweta. Alilivaa, likambana mikononi. Bosi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamzunguka kwa mbali, akaja magotini kwangu.

"Ananitazama kama mteja ambaye nguo yake haijawa tayari," alisema mshonaji. Alijaribu kucheka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, macho akiyaelekeza kwenye mikono yake, "Dada, na akinikataa?"

"Hatakukataa."

"Hilo unalijua au unanipoza?"

Daktari alikuwa nyuma ya kioo cha mlango. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa nisiongee sana mbele ya mtoto, basi nikanyamaza, na mshonaji akalichukua jibu hilo kama lilivyo.

Siku zile zilipita moja moja. Niliacha kucheka. Niliacha kumsemesha. Chupa ikahamia mikononi mwa mshonaji, na Bosi alinyonya huku akinitazama mimi kwa jicho la pembeni, mkono wake ukitafuta sikio ambalo halikuwa mahali pake.

Ndipo tukafika siku ya zulia.

Makofi yalipokosa jibu, alitoa ulimi. Huo ulikuwa mchezo wa kuogea. Halafu akatikisa kichwa kushoto na kulia kwa nguvu hadi akayumba, mchezo wa wakati wa uji. Akanyoosha kidole kwenye taa ya darini, na akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa nasema "Taa!" na yeye anaguna. Akaguna mwenyewe. Akanyoosha tena. Alikuwa akivitoa kimoja baada ya kingine vyote nilivyompa, akiviweka mbele yangu, na baada ya kila kimoja alitulia akinisoma.

Mwisho akapunga mkono, kiganja kikimtazama yeye.

Nilitazama kati ya nyusi zake. Nakumbuka palikuwa na chembe ya uji uliokauka. Nakumbuka nilifikiri kwamba anahitaji kufutwa, na kwamba wazo hilo lilikuja kutoka mbali, kama tangazo la stesheni ya treni ambayo mimi sisafiri nayo.

Akapiga kelele moja fupi. Akatambaa hadi kwenye kiti, akanishika magoti, akajivuta akasimama. Akanyoosha mkono akaniingiza kidole kwenye pembe ya mdomo, akaivuta juu.

Mdomo ulikwenda ulikovutwa. Alipouachia, ukarudi.

Hakulia. Watu nikiwasimulia huwa wanangoja hapo nitaje kilio. Aliteremka chini, akaketi, akawa ananipa ubavu, akiitazama sakafu. Niliijua hatua hiyo, kwenye filamu nayo ilikuwapo. Kisha shingo yake ikageuka upande wa pili, na macho yake yakakuta mkono wa sweta uliofumuka sufi.

Akautambalia. Akaufikia, akautia mdomoni. Mshonaji hakusogea, nadhani hata hakupumua. Bosi akatafuna kidogo, akainua uso kuona ni nani aliyemo ndani ya nguo ile. Akapiga makofi.

Mshonaji akafungua mdomo na kutoa macho kwa mshangao. Alikuwa ameniona nikifanya hivyo Jumatatu, mara moja tu, kabla sijazima.

Bosi akacheka. Nyuma ya kioo cha mlango Daktari alifumba macho akainamisha kichwa, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Mshonaji alikuwa akilia na kucheka, na akipiga makofi kumjibu.

Mimi nilihisi ganzi ikianzia mashavuni, kama baada ya kung'olewa jino, ikateremka shingoni na mabegani. Haikuuma. Nilikaa kwenye kiti hadi nilipoambiwa niondoke.

Siku ya kuondoka tulijipanga getini sote. Lori halingefaa, kwa hiyo dereva alikuwa ameazima gari dogo, akashindwa kupata gia ya kurudi nyuma, Mama Sabuni akamwambia akishindwa kabisa asukume, mtoto ana haraka. Watu walicheka. Bosi alikuwa kiunoni kwa mama yake, amemshika sikio.

Mshonaji alisimama mbele yangu. "Dada, sweta lako."

"Kaa nalo."

Alitaka kusema jambo jingine. Aliutazama uso wangu, nao haukumsaidia. Akaingia garini. Kwenye dirisha Bosi alijipungia mkono.

Nilikuwa nikiishi na mama yangu, aliyestaafu kazi ya kupokea simu hospitalini. Hakuwa na makuu, ila hakupenda nyumba iliyonyamaza. Nilipofika jioni ile nilimsalimia, nikala, nikaosha vyombo. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Nilikuwa nadhani uso ni kama taa: unauzima ukiwa kazini, ukifika nyumbani unauwasha. Niliutafuta mahali pa kuuwashia sikupaona. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeitambua.

Mama alingoja kwanza. Ikafika Jumamosi asubuhi, mimi nimeketi jikoni na kikombe mkononi, yeye anachagua mchele.

"Umesikia ya mwenye nyumba?" alisema. "Kajifungia bafuni. Kitasa kimemkatikia mkononi. Kaita wapangaji wake wote kwa majina, hata wale aliowafukuza."

Nilimtazama.

"Ikabidi wamtoe dirishani. Na tumbo lile."

Nilisema, "Pole yake."

Akainuka, akachukua mwiko, akauweka sikioni. Tangu nikiwa mdogo mchezo huu haukuwahi kushindwa. "Hospitali, nikusaidie nini?" alisema kwa ile sauti yake ya kazini, ya puani. "Nani? Wodi ya wavivu? Subiri nikuunganishe." Akanigeuzia mwiko. Nikautazama. Akaurudisha sikioni. "Wodi haijibu. Nadhani wamelala wote."

Akanisubiri.

"Nasema na nani humu ndani?" alisema, sasa kwa sauti kubwa, na si ya mchezo.

Nilijaribu. Naapa nilijaribu, lakini mashavu yalikuwa mali ya mtu mwingine. Mama aliuweka mwiko mezani. Akaketi, akauvuta ungo, na polepole akanipa ubavu, akiutazama mchele.

Shingo yake ilikuwa na mikunjo miwili.

Nilijua kinachofuata baada ya hapo. Nilikuwa nimekisoma, nikakiona, nikakifanya. Kinachofuata ni mtu kumtafuta mwingine wa kumgeukia, na mama yangu hakuwa na mwingine. Uso ulikuwa hautaki kuja, basi nikainua kitu kilichotaka kuinuka. Niliinua mkono, nikapunga, kiganja nimekigeuzia kwangu.

Aliuona kwa pembe ya jicho. "Unampungia nani?"

"Wewe."

"Mbona unajipungia mwenyewe?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye taulo na kitovu, nikaja kwenye sikio, kwenye makofi, kwenye kidole kilichonivuta mdomo. Nilisema bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma saa za kuondoka mabasi. Chai ilipoa. Nilipomaliza Mama aliokota mwiko, akajifuta mkono kwa nguo yake, akausogeza kwenye sikio langu la kushoto.

"Una simu," alisema.

"Nani?"

"Sijui. Anapumua tu."

Nikasikiliza.

Uso ulirudi, lakini haukurudi siku moja, na haukurudi wote. Kazini bado nipo. Daktari amestaafu, mpango wake haukuendelezwa, na hakuna aliyeweza kusema kama ulikuwa mzuri au mbaya, kwa sababu Bosi hakurudishwa. Kila mwaka aliletwa kwenye ukaguzi ofisini, nami kila mwaka siku hiyo nilijipa kazi upande wa jikoni.

Nilimwona mara moja tu, mtaani, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mshonaji alikuwa akitoka dukani na mafungu ya kitambaa cha bluu. Mtoto alikuwa amevaa sare mpya iliyoshonwa kwa matumaini, sketi ikimfika karibu na vifundo vya miguu. Mshonaji alinitambua kabla sijapata pa kupita.

"Msalimie shangazi," alimwambia.

Mtoto alinitazama kama anavyotazamwa mtu yeyote asiyejulikana. Kisha akarudi nyuma ya mguu wa mama yake, akaushika kwa mikono yote miwili, akachungulia kwa jicho moja.

"Ana aibu siku hizi," alisema mshonaji. "Toka bwana, umsalimie. Huyu si mgeni."

"Mwache," nilisema. "Yuko sawa kabisa."

Tuliulizana hali. Alisema mume wake yuko safarini, alisema sare zimemzidi nguvu. Niliwatakia heri ya shule. Nilipofika kwenye kona niligeuza shingo.

Alikuwa bado ameushika mguu wa mama yake kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikuwa ananipungia, na kiganja kilikuwa kimenielekea mimi. Kuna mtu alikuwa amemrekebisha.